Wanja wa Arubaini

Kuze, Mji wa Kale,
Mombasa.
Agosti 1995

Kwa mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Shikamoo, mama, na ujue kwamba nimeinama kweli ninapoliandika neno hili, ingawa hakuna anionaye ila paka wa Bi Rukiya aliyelala dirishani. U hali gani? Mguu wako waendeleaje na unyevunyevu wa huko Vanga? Walala vizuri, ama mbu wa huko hawajui kwamba wewe ni mgeni? Mdogo wangu Mejumaa naye vipi, maziwa yanatoka ya kutosha? Na bibi yangu mdogo, huyo Mwanasha aliyepewa jina lako, nasikia ana sauti ya kuadhinia. Mwambieni shangazi… la, mimi si shangazi, mimi ni mama mkubwa. Mwambieni mama mkubwa wake anamsalimu sana. Sisi huku hatujambo sote, alhamdulillahi, nyumba imetulia, na mwasumini wako namwagilia kila jioni kama ulivyoniusia.

Kabla sijaenda mbali nina ombi. Kile kidau chako cha wanja, cha shaba, ulichokwenda nacho kwa ajili ya mtoto, nakuomba kikae ndani ya sanduku mpaka umalize kuisoma barua hii. Kwetu mtoto hatiwi wanja mpaka siku ya arubaini, anaponyolewa na kutolewa nje, kwa hiyo bado tuna nafasi. Nimemwomba shemeji Dzoro aitie barua mkononi mwako wewe mwenyewe, na nimeandika kwa herufi kubwa ili usihitaji kumpa mtu akusomee. Usishtuke, hakuna aliyefariki. Ni maneno ya mimi na wewe tu, na simu ya dukani huko ina masikio mengi.

Huyo Dzoro, mume wa mwanao, ni mtu wa kupendeza ila dukani hafai. Nilimsindikiza Biashara Street kununua leso za arubaini, akataka asomewe maandishi ya kila leso kabla ya kuigusa, na kila akisomewa alitikisa kichwa kama kadhi aliyeletewa kesi mbaya. Muuzaji alichoka, akakaa chini. Mwisho alichagua ile ile ya kwanza tuliyoonyeshwa, imeandikwa Aliyeletwa na Mola Hana Mzigo. Utaiona, rangi yake ya zambarau, nzuri.

Sasa habari njema. Wamenipa uprofesa, mama. Barua ilitumwa kutoka chuo kikuu Nairobi, ikanifuata huku, na niliisoma nimesimama mlangoni na kikapu cha samaki mkononi. Mara ya kwanza waliponinyima uliniambia subira huvuta heri. Mara ya pili waliponinyima ukaniambia huenda heri ni nzito, kamba imekatika, tufunge nyingine. Basi kamba yako ya pili imevuta. Nilikaa ngazini nikalia kidogo, kwa sababu hukuwepo, na mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia ulikuwa wewe.

Aliyepokea habari badala yako ni Bi Rukiya wa chini. Alipiga vigelegele mpaka watu wakatoka kuuliza ni harusi ya nani. Kesho yake asubuhi akapanda ngazi, akakaa kitako, akafunua goti, akaniomba nimtazamie, maana wewe umeieneza habari mtaa mzima kwamba mwanao ni daktari. Nikamweleza tena kwamba udaktari wangu ni wa kemia, si wa magoti. Akafikiri, kisha akauliza kwa upole, ikiwa mimi ni daktari nisiyeponya mtu, hivyo waliponipandisha cheo wamepandisha nini hasa. Nikamsugua goti kwa mafuta ya karafuu, akashuka anashukuru.

Swali lake limenikaa moyoni, nami naona miaka yote hii hata wewe sijakueleza sawasawa. Ngoja nijaribu, kwa sababu yale nitakayokuambia mbele hayataeleweka bila haya.

Wakumbuka ulivyokuwa ukitulisha uji? Kijiko cha kwanza kilikwenda mdomoni mwako. Ukingoja kidogo, ukiangalia juu, kisha ndipo chetu. Kazi yangu ndiyo hiyo. Watu huleta kitu, maji, unga, udongo, dawa, na swali langu ni ndani yake mna nini, na kiasi gani. Sitengenezi kitu, mama. Naonja tu, ila kwa vyombo badala ya ulimi. Nilianza shuleni hapa Mombasa kwa kupenda rangi zinavyobadilika ndani ya chupa, nikaenda Nairobi, nikaenda Uingereza, nikarudi kufundisha, na kila mahali nilipofika niliambiwa kwamba mtu wa kupima anapaswa kwanza kujipima mwenyewe.

Na kila mahali nilikwenda na wanja wako. Hilo walijua wote. Kule Uingereza, majira ya baridi, jua lilipokuwa halionekani, nilikuwa nikiamka natia wanja kabla ya kunywa chai, na hapo ndipo nilipojua mimi ni nani. Kila msafiri uliyempata ulimpa kidau kingine aniletee, jiwe la manga umelitwanga mwenyewe, umelichekecha kwa kitambaa chembamba cha melimeli, umelilainisha kwa marashi ya mawaridi. Wazungu waliniuliza natumia nini. Wanafunzi wangu Nairobi waliniita Bi Macho, wakidhani sijui. Niliposimama na hofu yangu mbele ya darasa la kwanza, nilijiambia angalau macho yangu hayaogopi, mama ameshayapaka.

Mwaka huu, kama ujuavyo, nilipewa ruhusa ya kuja nyumbani kufanya utafiti. Nimeazimwa chumba cha maabara pale Tudor, hapa hapa Mombasa, na kazi yenyewe ni tope la ufuoni pale Kibarani, karibu na jaa. Nilitaka kujua kama mna risasi. Si ya bunduki, ni yale madini laini ambayo wavuvi hufunga nyavuni zizame. Ikiingia mwilini ni sumu, hasa kwa watoto, na watoto wa pale huokota vitu ufuoni kutwa. Ninao watu wawili wa kunisaidia. Mmoja ni Joab, fundi wa maabara, mtu wa bara, mpole, mwimbaji wa kwaya, aoshaye chupa huku akinong'ona zaburi. Wa pili ni mwanafunzi wangu Mutanu, binti Mkamba mwenye akili kali na adabu nyingi kupita kiasi. Utaona kwa nini nasema hivyo.

Katika kazi yetu iko chupa moja ambayo hatuitii kitu. Twaiita tupu. Twachukua maji safi kabisa, twayapitisha kila mahali tope linapopitishwa, vyombo vile vile, mikono ile ile, kisha twayapima. Tupu ikionyesha risasi, basi risasi hiyo haikutoka kwenye tope. Umeileta wewe mpimaji. Hili nimelifundisha maisha yangu yote, mama, na huwapigia wanafunzi meza nikilisema.

Basi tupu yangu ikakataa kuwa tupu. Kila nilipoipima mna risasi. Nikabadilisha maji, imo. Nikabadilisha tindikali, imo. Joab aliziloweka chupa zote upya, akaziosha na kuzisuuza mpaka zaburi zikamwishia akaingia kwenye nyimbo za Krismasi. Bado imo. Nikalaumu magari ya barabarani na moshi wake, tukaziba madirisha kwa vitambaa vimajimaji, tukafanya kazi ndani ya joto ambalo lingeivisha mkate. Nikalaumu vumbi. Nikalaumu rangi ya ukuta. Ila kila Mutanu alipokuwa peke yake, mimi niko chuoni Nairobi au nimekwenda Kibarani, tupu yake ilikuwa safi. Nikamwambia ana haraka, arudie. Alirudia. Ikawa safi. Nikamwambia arudie mbele yangu, nikasimama karibu yake nimtazame vizuri. Ikawa chafu. Yule binti aliniangalia, akafungua mdomo, akaufunga, akasema labda ni kweli alikuwa na haraka. Miezi ilipita hivyo, mama, na matokeo yangu yote ya tope yakipanda juu ya msingi huo.

Kisha mwezi wa Juni, ulipokuwa bado hapa, niliugua macho mekundu. Wakumbuka, ulinikanda kwa maji ya chai na ukaniambia nisitie wanja mpaka yapone. Nikaenda kazini macho matupu, na Joab alivyoniona aliuliza nimefiwa na nani. Siku zile zote tupu ilikuwa safi. Nilifurahi, nikasema tumeshinda. Macho yakapona, nikatia wanja, nikaenda Tudor nikiimba. Tupu ikachafuka.

Nilikaa kwenye kiti. Nikaona kidole changu kimekwenda kwenye pembe ya jicho, kama kinavyokwenda kila nifikiripo, tabia uliyonikanya tangu utotoni, na wewe mwenyewe unayo. Kikarudi cheusi. Kisha nikatoa kidau mkobani, nikachota wanja kidogo kwa ncha ya kijiti, nikauyeyusha, nikaupima. Mshale wa mashine ulikwenda mpaka mwisho, ukagonga ukuta, ukakaa huko.

Ndiyo hiyo, mama. Wanja wetu una risasi. Si kidogo kilichodondokea humo kwa bahati mbaya. Lile jiwe zuri linalong'aa, unalonunua kwa mahujaji na kulitwanga kwa mkono wako, sehemu kubwa yake ni risasi. Nilipima mara nyingi kuliko nilivyowahi kupima kitu chochote, nikitumaini mashine imeharibika. Mashine ilikuwa nzima.

Niliwaita Joab na Mutanu nikawaambia. Joab aliangua kicheko mpaka akajishika ukutani, akikumbuka yale madirisha. Mutanu alilia. Akakiri kwamba alishuku zamani, ila hakujua mtu anamwambiaje mwalimu wake, na tena mwanamke wa makamo, kwamba uchafu unatoka machoni pake. Nikamwambia siku nyingine aseme, hata kama mwalimu ni malaika. Kazi ya miezi yote hiyo tumeitupa, tumeanza upya, na makala niliyokuwa nimeipeleka ichapishwe nimeomba irudishwe. Uprofesa haukuguswa, wamenipa kwa kazi za zamani. Hayo yananiuma, lakini yanapita. Hayo siyo yaliyonifanya nikae na karatasi hii siku nyingi bila kuandika.

Nilikwenda kwa daktari, daktari wa kweli, wa watoto, nikamwuliza. Damu yangu imepimwa. Imo kiasi, si ya kunilaza kitandani, na dawa yake kubwa ni kuacha. Wewe nawe utapimwa ukirudi, na Mejumaa aache leo hii, maana ananyonyesha. Lakini mtoto mchanga si kama sisi. Hujifuta macho, hunyonya vidole, na kinachomwingia hukaa. Huidhoofisha damu na akili, na kikizidi huleta degedege.

Nimeliandika neno hilo, nikaweka kalamu chini, nikaenda kumwagilia mwasumini ingawa nilishaumwagilia. Kwa sababu najua ukifika hapo utafanya nini. Utaiweka barua magotini na utamkumbuka Mbwana.

Nilikuwa mdogo ndugu yangu alipofariki, lakini namkumbuka. Namkumbuka siku yake ya arubaini, ulivyompaka vizuri hata wageni wakadhani ni msichana. Nakumbuka degedege yake, na wewe ukimpepea kwa upindo wa leso muda mrefu baada ya watu wote kujua kwamba hakuna tena wa kupepewa. Na najua utaniuliza, hata kama si kwa mdomo, utaniuliza kwa kunitazama.

Jawabu langu ni kwamba sijui. Mwaka ule homa ilichukua watoto wengi wa Kuze, waliotiwa wanja na wasiotiwa. Huenda ilikuwa homa, na naelekea kudhani ilikuwa homa. Lakini mimi siwezi kupima nisichokuwa nacho mkononi, na Mbwana yuko kwa Mola wake. Ningeweza kukuandikia kwamba haikuwa wanja kabisa, ungelala usingizi. Nilishaiandika hivyo barua hii mara moja, nikaichana. Wewe hukuwahi kuniambia uji umepoa kabla hujauonja, nami siwezi kukufanyia hivyo uzeeni.

Kitu kimoja ninakijua kwa hakika, na hiki nishike sana, mama. Nakumbuka ulivyoucheka wanja wa watu wengine kwa kuwa na chenga. Wa Mbwana uliuchekecha, ukauchekecha tena, ukausugua kwenye ngozi ya mkono wako wa ndani kusikiliza kama una chembe, isije ikamkwaruza. Uliangalia kila kitu kinachoonekana. Hiki hakionekani. Hakina harufu, hakina ladha, hakiwashi. Mimi nimesomeshwa nusu ya dunia kwa ajili ya kukitafuta, nina mashine, nina shahada ukutani, na bado kilikaa kwenye kope zangu mwenyewe huku nikiilaumu barabara. Kama ni wa kulaumiwa, basi profesa atangulie. Wewe uliyatia macho yetu kilicho bora kuliko vyote ulivyokuwa navyo.

Sasa sikiliza ninachokuomba. Mtoto asikose wanja. Sitaki mjukuu wako atolewe nje uso mtupu, na sitaki mkono mwingine umpake isipokuwa wako. Uliwahi kunihadithia kwamba mama yako, zamani za shida, alipokosa jiwe la manga alichoma utambi wa pamba ndani ya samli, akafunika kigae juu, akakusanya masizi. Ulikuwa ukilihadithia hilo kwa aibu kidogo, ukiuita wanja wa kimaskini. Najua utasema wakwe wa Mejumaa watacheka, bibi wa mtoto ametoka Mombasa mjini na masizi ya jikoni. Waache wacheke. Waambie ndio mtindo wa maprofesa.

Nimeutengeneza hapa hapa jikoni kwako. Samli ni ya Bi Rukiya, ameitoa baada ya kuniuliza maswali mengi. Joab alikuja kushika kigae kwa koleo, akajiunguza, hakusema neno baya, ni Mkristo wa kweli huyo. Mutanu ameupima, mimi nikasimama mbali. Kisha nikaupima mwenyewe, macho nimeyaosha. Mshale haukutikisika. Umo ndani ya kifurushi alicholeta Dzoro, katika kichupa kidogo cha kioo chenye kizibo, kimefungwa ndani ya leso yako ya zamani ili ukijue. Daktari ameniusia ndani ya macho ya mtoto kusitiwe kitu chochote, hata huu. Mchore nyusi tu, na lile doa la kando ya paji la uso la kuzuia hasadi. Kidau cha shaba usikioshe wala usikitupe, kifunge vizuri kwenye nailoni, watoto wasikifikie, uje nacho. Bado ni chako, na nakipenda.

Ukiona vigumu kunijibu, usinijibu. Nitakuja mwenyewe siku ya arubaini, nimeshaomba ruhusa, na tukikaa pamoja si lazima tuseme. Ila usije ukakaa huko peke yako ukijihesabia mambo. Mimi ni mwanao wa kwanza. Ulinipaka tangu siku yangu ya arubaini, na leo wananiita profesa.

Nisalimie Mejumaa, mwambie namwombea afya na usingizi. Nisalimie wakwe wote mmoja mmoja, na huyo Dzoro mshukuru kwa kubeba mzigo, ingawa leso zilimtoa jasho zaidi. Bi Rukiya anakusalimu, anasema goti limepona na kwamba amekubali mimi ni daktari. Joab na Mutanu, wasiokujua ila kwa wanja wako, nao wanakusalimu kwa heshima. Mola akulinde, akupe nguvu, atukutanishe kwa furaha.

Na huu wanja mpya, nimeutia mimi kwanza. Ninao machoni sasa ninapoandika, wiki nzima ninao, na umefutika kidogo kwa sababu unazozijua. Uji nimeuonja, mama. Umepoa. Mpe mtoto.

Mimi mwanao,
Mwanamkasi